Lexus RX ya haibridi ndani ya Dodoma: mwongozo kamili, kutoka yadi hadi vumbi la Agosti

Chini ya kiti cha nyuma cha Lexus RX 450h, gari la haibridi lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, usawa wa visigino vya abiria, kuna matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu wa plastiki. Mtu anaweza kukaa na gari hili miaka mitatu asiyaone. Mimi niliyaona siku nilipomchukua shemeji yangu kutoka Kongwa akiwa na mfuko wa mlenda mkavu, umetwangwa ukawa unga. Aliuweka pale chini nyuma. Tulipofika kwenye matuta ya Ihumwa mfuko ukachanika, na tulipofika nyumbani nusu ya mlenda ilikuwa kwenye zulia, nusu nyingine haionekani. Ilikuwa imevutwa ndani, na huko ndani ndiko iliko betri kubwa ya gari.

Huu ni mwaka wangu wa nne na gari hili hapa Dodoma. Nilipolinunua watu walinitisha kwa umeme: utaungua, betri itakufilisi, fundi hutampata. Umeme haujanisumbua hata siku moja. Vilivyonisumbua ni viwili: vumbi, na mikono ya watu wanaolitengeneza kana kwamba ni gari la kawaida. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye hayo mawili.

Hatua ya 1: Hesabu barabara zako kabla ya kuhesabu pesa

Haibridi inajua kubana mafuta kwenye foleni na mwendo wa simama-nenda. Ukiwa polepole injini inazimika na mota inasukuma gari; ukikanyaga breki, mota hiyohiyo inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukiwa kwenye lami iliyonyooka kwa kilomita 90 kwa saa, injini inafanya kazi karibu muda wote na faida inapungua sana.

Vipimo rasmi vya Marekani vinaonyesha hivyo waziwazi. RX 450h ya 2010 inayovuta kwa mbele ilipimwa maili 32 kwa galoni mjini na 28 barabara kuu. Kwa lugha ya sheli zetu ni kama kilomita 13.6 kwa lita mjini na 11.9 safarini. Ndugu yake wa mafuta matupu, RX 350 ya mwaka huohuo, alipata 18 na 25, yaani kama kilomita 7.7 na 10.6.

Sasa yalete Dodoma. Anayezunguka mjini, Nkuhungu hadi shule, shule hadi soko la Majengo, Majengo hadi Makole, kilomita 40 kwa siku kwa siku 26, atatumia kama lita 76 kwa mwezi badala ya 135. Hizo ni pesa. Lakini anayelitaka kwa safari za Dar, kilomita kama 450, atatumia lita 38 badala ya 42 na nusu. Lita nne na nusu hazitoshi kukufanya ununue gari lenye betri ya kuitazama kama mtoto mchanga. Na Dodoma, tuseme ukweli, foleni zake si za Dar. Ukiondoa vikao vya Bunge na asubuhi za shule, barabara zinapitika. Anayekwenda Mji wa Serikali kila siku, mtumba wa Japani unaokwenda Mtumba, yuko katikati: kuna mwendo mrefu wa wazi, kuna matuta, kuna vibao vya 50. Mimi niko kundi hilo na silii, ila mafuta ninayookoa si yale niliyoahidiwa na muuzaji.

Hatua ya 2: Jua unanunua ndugu yupi

Kwenye yadi utaoneshwa magari matatu yanayofanana kwa jina.

La kwanza ni Harrier Hybrid ya zamani, iliyotoka 2005 hadi 2012. Hiyo ndiyo Lexus RX 400h kwa jina la Kijapani: injini ya V6 ya lita 3.3 inayotumia mkanda wa taimingi. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na usimwamini anayesema umeshabadilishwa kama hana kibandiko au risiti. Jua pia kwamba mwaka 2011 Toyota iliyaita tena magari ya RX 400h ya 2006 na 2007 kwa sababu ya kasoro ya ulehemu ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota. Namba ya chesisi inaweza kuhakikiwa kama kazi hiyo ilifanyika.

La pili ni RX 450h ya kuanzia 2009 hadi 2015, ndilo langu. V6 ya lita 3.5, cheni badala ya mkanda, jumla ya nguvu farasi 299 injini na mota zikisukuma pamoja. La tatu ni Harrier Hybrid mpya zaidi, iliyoanza 2014, injini ya lita 2.5 ya silinda nne, zote zikiwa na mota ya nyuma, yaani mota ya pili inayosukuma magurudumu ya nyuma. Anayetaka kubana matumizi achukue hilo la tatu. Anayetaka kiti na ukimya achukue la pili. La kwanza ningemshauri mtu mwenye fundi wake tayari, si anayeanza kutafuta.

Ukiagiza mwenyewe, pitia kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla ya kutuma hata shilingi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa unapanda injini ikizidi cc 2000, gari lenye umri mkubwa linaongezewa uchakavu, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya yote. Wengi hushtuka Dar es Salaam wakati meli imeshatia nanga.

Hatua ya 3: Likague likiwa limelala

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gari lililokwisha kupashwa moto huficha mengi.

Fungua mlango wa dereva utulie. Unapaswa kusikia mngurumo mfupi wa pampu ya breki, sekunde chache, kisha kimya. Pampu ikinguruma kila baada ya muda mfupi bila breki kukanyagwa, mfumo wa breki unavuja shinikizo, na kwenye haibridi hiyo ni kazi ya gharama. Kanyaga breki, bonyeza kitufe, subiri neno READY. Injini inaweza isiwake papo hapo, usibonyeze tena.

Kisha ikodolee macho skrini ya nishati. Endesha dakika ishirini, panda kilima, shuka, simama, washa kiyoyozi. Mistari ya betri ikipanda haraka na kushuka haraka, kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka, betri imechoka. Halafu muombe fundi mwenye mashine achomeke na asome volti za mafungu ya betri gari likiwa linaendeshwa kwa nguvu. Betri ya RX ni ya nikeli, volti 288, imeundwa kwa seli 240 zilizopangwa kwenye moduli 30. Haziwi sawa kabisa, lakini fungu moja likizama peke yake kila unapokanyaga mafuta, hiyo ndiyo hoja yako ya kushushia bei, au sababu ya kuondoka.

Inama chini ya kiti cha nyuma na tochi ya simu. Matundu yakiwa na nywele za mbwa, mchanga au vumbi lililoshikana kama blanketi, umeshajua mwenye gari alikuwa mtu wa aina gani.

Karatasi ya mnada ya Japani iombe pia. Daraja la R maana yake liligongwa likatengenezwa. Si lazima ulikatae, ila ujue. Na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zilinganishe na karatasi hiyo, maana kuna mikono inayojua kuzirudisha nyuma.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza

Kadi ya gari iwe kwa jina lako mapema. Chukua bima kubwa. Kwa gari hili bima ndogo ni kujidanganya, kioo cha pembeni kimoja tu chenye mota na taa zake kinakula pesa za kutosha. Vioo hivyo, taa na vifaa vinavyong'oleka vipigwe namba ya usajili kabla hujaanza kulala nalo kwenye maegesho ya hoteli za Dar.

Redio ya Kijapani haitakamata stesheni zetu nyingi kwa sababu masafa yao ya FM yanaanzia 76 na kuishia chini ya yetu. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, fundi wa redio anakifunga kwa nusu saa. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, pakua cha Kiingereza: mwenye Harrier Hybrid ya zamani atafute cha RX 400h.

Hatua ya 5: Kuliendesha

Hakuna stata wala altaneta kwenye gari hili. Mota ndiyo inayoamsha injini, na betri kubwa ndiyo inayochaji ndogo. Ukilielewa hilo, tabia zake nyingi hazitakushangaza.

Kwenye matuta, achia mafuta mapema na ukanyage breki kidogo kidogo tangu mbali. Breki ya taratibu inarudisha umeme. Breki ya ghafla inaupoteza kwenye pedi. Ukiwa umesimama kwa muda, acha gia kwenye D na breki au weka P. Usikae N ukiwa umewasha kiyoyozi, kwa sababu kwenye N betri haichajiwi, na kiyoyozi kinaendelea kuinyonya.

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Nyang'oro ukitoka Iringa kuja Mtera, au vilima vya Kolo ukielekea Kondoa, betri itajaa kabla hujafika chini. Hapo utasikia injini ikinguruma peke yake ingawa hujakanyaga mafuta. Usishtuke: gari linatafuta pa kutupa umeme uliozidi, linauzungushia injini. RX 400h ina gia ya B kwa ajili hiyo. 450h ina S. Itumie kabla ya mteremko, si katikati yake breki zikishanuka.

Hatua ya 6: Hewa ya betri, na hapa tukae kidogo

Betri ya nikeli inachemka inapochajiwa na inapotoa. Toyota waliipa feni, na feni hiyo haivuti hewa ya nje; inavuta hewa ya ndani ya gari, ileile unayoipumua wewe. Ndiyo maana kiyoyozi kwenye gari hili ni dawa ya betri. Mchana wa Oktoba, gari limeegeshwa juani Area C tangu asubuhi, ndani ni tanuru. Ukiingia na kuondoka papo hapo madirisha yamefungwa, unailisha betri hewa ya tanuru. Fungua milango yote dakika moja, shusha vioo, endesha mita mia mbili tatu, kisha funga na uwashe kiyoyozi. Inaonekana ni mambo madogo. Mimi naamini ndiyo yanayotofautisha betri inayofika miaka kumi na tano na inayokufa mapema.

Vumbi ni mbaya kuliko joto, kwa sababu linaleta joto la kudumu. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma karibu haioni mvua, na kuanzia Julai upepo unaanza kuinua udongo kila mahali ambapo lami haijafika. Ukiishi Iyumbu, Nala au mitaa mipya ambako viwanja vimepimwa kabla ya barabara, unajua meza ikifutwa saa mbili, saa nne inaandikika. Vumbi hilohilo linaingia na viatu, linatua kwenye zulia la nyuma, feni inalivuta, linashikana kwenye panga za feni na kati ya moduli. Feni inaanza kupiga kelele ya kuvuta pumzi, kama mtu mwenye pumu anayepanda ngazi.

Ninavyofanya mimi, mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Juni na mwisho wa Oktoba: gari nalizima kabisa na funguo naiweka ndani ya nyumba. Nasafisha zulia la nyuma kwanza, kwa sababu hakuna maana ya kusafisha tundu juu ya uchafu. Kisha natoa wavu wa plastiki kwa kuuvuta taratibu, nauosha kwa maji na sabuni, nauanika ukauke kabisa. Ndani ya tundu natumia mashine ya kuvuta vumbi yenye mdomo mwembamba, nguvu ndogo, na brashi laini ya rangi. Sipulizi. Kompresa ya upepo inasukuma uchafu ndani zaidi, na ndani zaidi ndiko iliko betri. Kila mwaka wa pili fundi anafungua upande wa kiti na kutoa feni yenyewe aisafishe. Kufika hapo si kazi ya mwenye gari: kuna kishikio cha rangi ya chungwa kinachokata umeme mkubwa, kikishavutwa inabidi kusubiri dakika kumi ili chaji iliyobaki kwenye inveta iishe, na mikono iwe na glavu za umeme. Fundi asiyejua hizo dakika kumi, mshukuru na uondoke.

Siku ya mlenda fundi wangu alitoa feni, akaigeuza kwenye mwanga. Panga zake zilikuwa za kijani. Alinusa, akacheka, akasema, "Kaka, hii betri imekula kuliko wewe." Hapakuwa na madhara, kwa sababu tuliifungua kesho yake. Tangu hapo mizigo ya unga, mkaa na kreti za zabibu zinakaa buti, na zulia la nyuma lina mkeka wa mpira usiofika kwenye matundu. Mbwa, mto wa mtoto, koti la suti, vyote vivyo hivyo: chochote kinachoegemea wavu ule kinaikaba betri.

Na panya. Msimu wa mahindi wanatafuta pa kulala penye joto. Ukiegesha karibu na ghala au shamba, funga vioo hadi juu, na makombo ya karanga yasilale ndani.

Hatua ya 7: Betri ndogo ndiyo itakayokulaza

Wito mwingi wa "gari langu la haibridi limekufa" ni betri ya kawaida ya volti 12. Kompyuta haiwezi kuamka bila hiyo. Betri kubwa ikiwa imejaa haitakusaidia kitu. Dalili: taa za dashibodi zinacheza kama disko, milango inakataa kufunguka kwa rimoti, neno READY halitokei. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma. Uchomoe sasa hivi ujue unavyotoka. Na betri ya rimoti ikiisha, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, gari litaitambua.

Ukibusti, unganisha chanya na chanya, hasi kwenye chuma cha bodi, na ukiona READY umemaliza. Usitumie haibridi kubusti Fuso la jirani hata akikulilia. Stata ya lori itavuta umeme ambao mfumo wako haukutengenezwa kuutoa. Betri ndogo iko wapi inategemea modeli, kuna za boneti na kuna za nyuma. Ikiwa yako iko nyuma, nunua aina yenye bomba la kutolea gesi nje, si yoyote iliyopo dukani.

Ukisafiri mwezi mzima, mwachie mtu. Aliwashe hadi READY na aliendeshe angalau nusu saa kila baada ya wiki mbili. Kuliwasha dakika tano nyumbani ni kumsalimia mgonjwa bila kumpa chakula.

Hatua ya 8: Kiyoyozi, kosa langu la gharama

Mwaka wa pili ubaridi ulipungua. Nikaingia gereji moja mjini inayojaza gesi ya magari yote, daladala hadi V8. Kijana akapima, akaongeza gesi, akaongeza na oili ya kompresa kutoka kwenye kopo lake la kila siku. Baridi ikarudi, nikamshukuru, nikalipa. Wiki haikuisha dashibodi ikaandika CHECK HYBRID SYSTEM.

Kompresa ya gari hili haizungushwi na mkanda. Inazungushwa na mota ya umeme mkubwa iliyomo ndani yake, na oili inayozunguka na gesi inagusa nyaya za mota hiyo. Kwa hiyo oili yake ni maalumu, isiyopitisha umeme, inaitwa ND-11. Oili ya kawaida, ile ya PAG, inapitisha. Hata kiasi kidogo kinatosha kushusha ukinzani hadi kompyuta inaona umeme unavuja kwenye bodi. Kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine, ni P0AA6, na ndani yake kuna namba ndogo: 611 inaelekeza upande wa kompresa ya kiyoyozi, 612 upande wa betri. Yangu ilikuwa 611. Kompresa ikabadilishwa, mabomba yakasafishwa, na bei yake ndiyo iliyoahirisha bati za nyumba yangu.

Kwa hiyo kabla gesi haijaguswa, uliza swali moja tu: "Fundi, oili gani unaweka?" Akijibu "ya kawaida", rudi nyumbani ushushe vioo. Mashine yake pia iwe haijabaki na oili ya gari lililotangulia. Ningeandika haya kwa rangi nyekundu ningeweza.

Hatua ya 9: Sevisi nyingine, kwa haraka

Oili ya injini 0W-20, kama lita 6, na kwa vumbi letu mimi namwaga kila kilomita 5,000. Gia inatumia oili ya Toyota WS na si nyingine. Kichujio cha hewa cha injini na kile cha kiyoyozi kilicho nyuma ya kabati la dashibodi, vitazame kila sevisi wakati wa kiangazi. Cha kiyoyozi ni ulinzi wa betri pia.

Kulenti, kimiminika cha kupoza, ni mifumo miwili: wa injini na wa inveta, kila mmoja na hifadhi yake. Yote ni ile ya waridi ya Toyota. Usiruhusu mtu aongeze maji ya bomba, hasa haya yetu. Mwenye birika la umeme Dodoma anajua chumvi inavyoganda chini. Pampu ndogo ya umeme inayosukuma kulenti ya inveta huwa inakufa kimya, na kodi yake ni P0A93.

Pedi za breki zinadumu sana kwa sababu mota inafanya nusu ya kazi, na hapo pana mtego: kwa kutotumika, pini za kalipa zinashika kwa vumbi. Zitolewe na zipakwe grisi kila mwaka hata pedi zikiwa nene. Fundi anapobadilisha pedi, funguo iwe mbali na mlango usifunguliwe ovyo, kwa sababu pampu inaweza kujiwasha na kusukuma pistoni akiwa na vidole pale. Kutoa upepo kwenye breki kunahitaji kompyuta.

Kwenye kuosha, jibu langu kila Jumamosi ni lilelile:

"Bosi, nipige boneti na mashine?"

"Hapana, mdogo wangu. Kitambaa tu."

Maji ya shinikizo hayana biashara karibu na inveta wala nyaya za chungwa, zile za umeme mkubwa.

Hatua ya 10: Makorongo na matope

Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, korongo lililokuwa mchanga mtupu saa tisa linakuwa mto saa kumi. Betri iko chini ya kiti, mota ya nyuma iko chini zaidi. Maji yakifika katikati ya tairi, geuza. Na mota ya nyuma isikudanganye kuwa una gari la porini: ina kilowati 50, hakuna shafti inayoiunganisha na injini, na ukiikaza kwenye mchanga inachemka na kujipumzisha ikakuacha na magurudumu ya mbele. Inasaidia kwenye tope la kona ya mtaa. Ya mbugani iachie Land Cruiser.

Hatua ya 11: Taa ikiwaka ukiwa njiani

Uko kati ya Gairo na Kibaigwa, dashibodi inaandika onyo. Toka barabarani, weka P, zima, fungua mlango, shuka. Gusa kwa mkono karibu na matundu ya nyuma: kuna joto lisilo la kawaida, kuna kitu kimeziba? Ondoa, acha milango wazi nusu saa. Liwashe tena. Likikubali READY na onyo limeondoka, endesha taratibu kiyoyozi kikiwa kimewaka, usizidi 80, na usome kodi siku hiyohiyo. P0A80 ni betri kubwa yenyewe. Hapo utaambiwa na wengi kwamba wabadilishe moduli moja iliyokufa. Nimeona wenzangu wawili wakifanya hivyo. Moduli mpya inakaa katikati ya wazee ishirini na tisa, na baada ya miezi mzee mwingine anaanguka. Kama unauza gari wiki ijayo, sawa. Kama ni lako, nunua betri nzima iliyopimwa.

Lisipokubali READY, usikubali kuvutwa kwa kamba. Magurudumu yakizunguka, mota zinazunguka nayo na zinatengeneza umeme usio na pa kwenda. Kwenye gari lenye mota ya nyuma hata kuinuliwa mbele tu hakutoshi. Linatakiwa kupanda lote juu ya gari la kubeba lenye kitanda. Namba ya mwenye gari kama hilo Dodoma na ya mwingine Morogoro ziwe kwenye simu yako kabla ya safari. Yule wangu wa Dodoma, siku ya kwanza niliyompigia, aliuliza kabla hata ya kuuliza niko wapi: "Ni ile yenye waya za chungwa?" Nikajua nimempata mtu sahihi.